Miguu Wameitazama, Kinywa Je?

Ndugu msomaji, niruhusu nianze kwa kulalamika, maana kurasa hizi ni malalamiko tangu mwanzo hadi mwisho, na sipendi kukudanganya kwa kuyavisha kanzu ya mashauri. Mimi ni mzee wa Makurunge, penye njia ya kwenda Saadani, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na ni mgonjwa wa kisukari tangu mwaka 2009. Kila mwezi, siku ya kliniki, huamka kabla ya alfajiri, tumbo tupu, nikapanda bodaboda kuwahi foleni. Huko napimwa uzito, napimwa presha, natobolewa kidole, naulizwa kama naamka sana usiku kwenda haja ndogo. Mara moja kwa mwaka natazamwa macho. Viatu navuliwa na nyayo zangu hukaguliwa kidole kwa kidole, kama mama anayechagua viazi sokoni. Sina ugomvi na hayo hata kidogo. Huenda ndiyo yaliyonifikisha leo nikiwa na miguu miwili. Ugomvi wangu ni huu: kwa miaka tisa, katika mahudhurio yasiyopungua mia moja, hakutokea hata mtu mmoja aliyeniambia, "Babu, hebu fungua kinywa."

Na humo kinywani ndimo moto ulimokuwa ukiwaka. Kila asubuhi nikipiga mswaki natema mate mekundu. Mwanzoni yalikuwa na rangi ya waridi tu, baadaye yakawa damu ya kuonekana. Nikauliza wenzangu barazani, wote wakanijibu kwa sauti moja: hicho ni kiseyeye, kula machungwa. Nami kwa utii wangu nikawa nakamua machungwa ya Muheza matano kwa siku na kunywa maji yake, sukari inapanda, fizi zinazidi kuvimba, nami nazidi kukamua! Kiseyeye cha kweli hutokana na upungufu wa vitamini C, na mtu wa pwani anayekula mchicha, ndimu na maembe ni nadra kukipata. Lakini jina tumelirithi, na kila damu inayotoka kwenye fizi tunaibandika jina hilo, kisha tunadhani tumeshatibu.

Halafu nikaacha kupiga mswaki. Nilijiona nina busara: kidonda kikitoka damu hukisugui, unakiacha kipumzike. Nikawa nasukutua maji tu. Harufu ikaja. Mama watoto, mwanamke mwenye haya asiyependa kuniudhi, akaanza kugeuza uso pole pole tunapozungumza. Sikuelewa. Nilidhani ana hasira nami kwa jambo jingine.

Jioni moja ya mwaka 2018 tulikuwa tunakula muhogo wa kuchemsha kwa samaki. Nikahisi kitu kigumu ulimini, nikadhani ni ule uti wa katikati ya muhogo. Nilipotema kiganjani nikaona jino langu la chini la mbele, zima, halina tundu hata moja. Halikuniuma. Nilikaa nimelishika, mjukuu wangu ananitazama, naye ndiye aliyekuwa na meno yanayotikisika kwa umri wake! Akaniambia nilitupe juu ya paa nipate jipya.

Hapa ndipo wanapoingia watu ninaotaka kugombana nao kwanza. Hao ni wale wanaosema, "Ndiyo uzee huo, Mwalimu." Nathubutu kusema kwamba maneno hayo matatu yametoa meno mengi katika nchi hii kuliko koleo zote za hospitali. Uzee hauling'oi jino. Kitongojini kwetu yuko mzee mmoja mvuvi wa Mto Ruvu ambaye amenipita kwa miaka isiyopungua kumi, naye mpaka leo anamenya muwa kwa meno yake, na akikuona unatumia kisu anakucheka. Kama uzee ndio sababu, mbona kwake haujafika? Jino lisilo na tundu linalotoka lenyewe bila maumivu limekosa mahali pa kushika, kwa sababu mfupa unaolibeba umeliwa. Na uliomla mfupa huo ni ugonjwa wa fizi, ambao una sababu zake, una dalili zake, na una matibabu yake.

Nilisoma habari zake baadaye, kwa hasira ya mtu aliyechelewa. Chakula na mate huacha juu ya meno utando laini uitwao ukoga, wenye vijidudu wasiohesabika. Ukoga usipoondolewa hugeuka kuwa mgumu kama chokaa, na huo ndio ugaga, ambao mswaki hauwezi tena kuutoa. Fizi huvimba kuupinga ule uchafu, hutoka damu zikiguswa, kisha huanza kuachana na jino na kufanya kijishimo pembeni yake. Ndani ya kishimo hicho vijidudu hujificha, na mfupa huanza kurudi nyuma kidogo kidogo. Yote hayo hufanyika kimya. Jino lenye tundu hupiga kelele usiku kucha mpaka jirani ajue. Fizi zinaoza kwa adabu.

Kwa mtu wa kawaida safari hiyo huchukua miaka mingi na pengine haimfikishi mwisho. Kwa mwenye kisukari kisichodhibitiwa inaharakishwa. Sukari ikizidi katika damu, mishipa midogo huharibika, na fizi zimejaa mishipa midogo kama vile jicho na figo. Chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, hulegea. Mate hupungua, kinywa kinakauka, na mate ndiyo maji ya kuoshea kinywa mchana na usiku. Yakipungua, hata fangasi hupata nafasi, ukaona utando mweupe kwenye ulimi na chini ya meno ya bandia. Ndiyo maana mwaka 1993 bingwa mmoja wa meno kutoka Norway, Harald Löe, aliandika kwamba ugonjwa wa fizi ni tatizo la sita litokanao na kisukari, baada ya macho, figo, neva, mishipa mikubwa, na vidonda visivyopona. Tatizo la sita! Msomaji, yale matano ya kwanza mimi nayajua kwa moyo. Nimefundishwa na wauguzi kwa picha za ukutani. La sita hakuna aliyelitaja.

Na bado sijafika penye kiini cha ugomvi wangu. Njia hii ina pande mbili. Sukari huharibu fizi, kisha fizi zilizooza nazo huipandisha sukari. Uvimbe ule wa kinywani hutoa kemikali zinazoingia katika damu na kuifanya insulini isifanye kazi yake sawasawa. Mgonjwa anameza vidonge vyake kwa uaminifu, anakula dona na mboga, sukari haishuki, na daktari anamtazama kwa jicho la kumshuku kwamba anadanganya. Mimi niliambiwa hivyo mbele ya watu. "Mzee, wewe unakula vitu vyako kwa siri." Nilikuwa nakunywa maji yangu ya machungwa, hilo nakiri, lakini hata nilipoyaacha haikushuka ilivyotakiwa.

Asiyeniamini mimi mwalimu wa darasa la tano, na atazame waliopima. Mwaka 2022 yalikusanywa pamoja majaribio 35 ya wagonjwa zaidi ya 3,000 wenye kisukari na ugonjwa wa fizi, yakaonyesha kwamba waliosafishwa fizi zao vizuri, kipimo chao cha sukari ya miezi mitatu kilishuka kwa wastani wa asilimia 0.43 baada ya miezi mitatu au minne. Kabla ya hapo, mwaka 2018, madaktari wa London walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa wao kwa mwaka mzima; waliotibiwa fizi kwa ukamilifu walikuwa chini ya wenzao kwa asilimia 0.6. Anayeishi bila kisukari ataona ni vijinamba vidogo. Mwenye kisukari anajua kwamba kwa kushusha kiasi kama hicho aghalabu huongezewa dawa ya pili, na dawa ya pili hununuliwa kila mwezi mpaka siku ya kufa.

Sasa niwaendee wang'oaji. Baada ya jino la kwanza kutoka na la pili kuanza kutikisika nilikwenda mahali fulani kutibiwa. Sitapataja, maana shida hii si ya nyumba moja. Kijana aliyenipokea alikuwa mpole na mwenye haraka. Akanikalisha, akaligusa jino kwa kidole, akasema, "Tulitoe hili, Mzee." Hakuniuliza kama nina ugonjwa wowote. Nami, mjinga mwenzake, sikusema. Sikuwa nimekula tangu jioni, kwa kuwa nilidhani kung'oa jino ni kama kupimwa damu. Likang'olewa. Njiani nikaanza kutetemeka na kutoka jasho la baridi, sukari imeshuka ghafla, dereva wa bodaboda akaninunulia soda kwa pesa yake. Kidonda hakikupona mpaka wiki ya nne, kikatunga usaha. Na fizi zilizobaki, ambazo ndizo zilizokuwa mgonjwa, hakuna aliyezigusa! Ni sawa na mtu ambaye ukuta wa nyumba yake unamomonyoka kwa mvua, akaita fundi, fundi akatoa tofali lililolegea, akalipwa, akaenda zake.

Simlaumu kijana yule peke yake. Nchi yetu imekuwa ikifundisha madaktari wa meno Muhimbili tangu mwaka 1979, nao ni hodari, lakini wengi wako mijini, na huku kwetu watu wamezoea kwamba dawa ya jino ni koleo. Mtu hufika akiwa ameshaamua. Asipong'olewa anaona amedhulumiwa nauli. Aliyenisaidia mimi alikuwa daktari wa Dar es Salaam, kilomita kama 70 kutoka Bagamoyo, ambaye kwa safari tatu alinikwangua ugaga mpaka chini ya fizi. Jambo la kwanza alilouliza, kabla hajafungua taa yake, lilikuwa, "Baba, sukari yako ikoje?" Nusura nilie.

Najua nitakavyojibiwa na wakubwa wa kliniki, kwa kuwa nimekwisha jibiwa. Wataniambia wauguzi ni wachache, wagonjwa ni wengi, vifaa hakuna, na meno yana idara yake. Kwamba wagonjwa ni wengi ni kweli tupu. Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake walipochapisha hesabu yao ya vijijini, wenye kisukari hawakufika mtu mmoja katika watu wazima mia. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012 ukakuta tisa katika mia kwa wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Lakini wingi huo ni hoja yangu mimi, si yao! Mambo yakiwa ya watu wachache unaweza kusamehe kusahau. Na vifaa gani vinavyotakiwa? Kutazama fizi kunataka tochi, na siku hizi kila muuguzi anayo ndani ya simu yake. Kunataka na maswali mawili: je, fizi zinatoka damu? je, kuna jino linalotikisika? Hata dakika moja haiishi. Sijasema muuguzi akwangue ugaga. Nasema atazame, aandike, ampeleke mtu kwa mwenye kujua.

Tena nawakumbusha kwamba hata miguu haikuanza kutazamwa kwa bahati. Zamani nayo ilikuwa haivuliwi viatu, watu wakafika na vidonda vilivyokwisha oza, wakakatwa. Ndipo katika miaka ya 2000 Dkt. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake wakaja na mradi wa Hatua kwa Hatua, wakafundisha madaktari na wauguzi wa mikoani, wawili wawili, namna ya kuukagua na kuutunza mguu wa mgonjwa wa kisukari. Leo kuvua viatu kliniki ni desturi, na mgonjwa asipovuliwa anashangaa. Aliyeweza kuinama hadi kwenye kisigino cha mzee wa shamba anashindwaje kumtazama mdomoni, ambako hata kuinama hakuhitajiki?

Nisije nikaonekana nawapiga wengine na kujisitiri mwenyewe, na sisi wagonjwa tuna deni letu. Makurunge ya leo imezungukwa na miwa. Sehemu ya ardhi iliyokuwa ranchi ya Razaba, ya ng'ombe wa Serikali ya Zanzibar, sasa ni shamba la miwa, na kiwanda cha sukari kipo hapo hapo. Sina neno na kiwanda. Vijana wetu wanapata kibarua. Neno langu ni juu ya birika la chai. Nenda msibani, nenda kwenye maulidi, nenda kumposea kijana wako: chai huletwa imekwisha tiwa sukari jikoni, nzito kama asali, na kuikataa ni kumtukana mwenye nyumba. Nimewahi kumwambia mwenyeji wangu kwamba mimi nina kisukari, akanijibu kwa mapenzi kabisa, "Basi kunywa kikombe kimoja tu." Mtu huyo asingethubutu kumpa mgonjwa wa pumu moshi kidogo tu.

Na sisi wenyewe tunapenda sana dawa za njia ya mkato. Wako wanaosugua meno kwa mkaa na mchanga mpaka fizi zinachubuka. Wako wanaoweka ugoro palepale fizi inapouma. Wako wanaovuta sigara, ambayo huziba dalili, kwa kuwa fizi za mvutaji hazitoki damu sana hata zikiwa zimeoza, akajiona mzima. Maji ya chumvi nayakubali. Chumvi ya Kitame tunayo hapa, kijiko kidogo katika bilauri ya maji ya uvuguvugu huituliza fizi iliyovimba. Lakini kukwangua ugaga hayawezi, na mtu asiyekwenda kwa daktari kwa kuwa anasukutua chumvi ni sawa na yule aliyekuwa akikamua machungwa.

Juu ya mswaki nina maneno zaidi, kwa sababu hapo ndipo nilipokosea vibaya. Huyo huyo Harald Löe, mwaka 1965, akiwa Aarhus huko Denmark, aliwachukua watu 12 wenye fizi nzima akawaambia waache kabisa kusafisha meno. Kati ya siku 10 na 21 wote, bila kubaki hata mmoja, walikuwa wameshika ugonjwa wa fizi. Wakarudishiwa miswaki, na katika muda wa kama wiki moja fizi zikarudi kuwa nzima. Ningalilijua jambo hilo mwaka 2012 ningalikuwa na meno yangu. Fizi inapotoka damu ndipo inapotaka kusuguliwa zaidi, kwa mswaki laini, kwa upole, pale jino linapokutana na fizi, asubuhi na usiku kabla ya kulala, kwa dawa yenye floraidi, na uzi au kijiti laini kipite katikati ya meno ambako mswaki haufiki. Damu hupungua baada ya siku chache. Isipopungua, huo ni ugaga, nenda ukakwanguliwe.

Asiye na pesa ya mswaki wa dukani asijione duni. Lugha yetu yenyewe inashuhudia: huo wa plastiki tumeuita mswaki kwa sababu mswaki ni mti, na vijiti vyake vinauzwa nje ya misikiti mpaka leo. Ukitafunwa ncha mpaka ukawa nyuzi laini, ukapitishwa nje na ndani ya kila jino, unaondoa ukoga vizuri. Kosa la wengi ni kusugua meno ya mbele tu, yale yanayoonekana kwenye picha, huku magego yanaachiwa Mungu. Na mwezi wa Ramadhani, kwa kuwa sisi wa pwani ni Mashafii na wengi huona karaha kupiga mswaki baada ya adhuhuri, basi mtu asilale baada ya daku na tende bado ziko menoni, wala asiache baada ya futari. Mwenye kisukari anayefunga kwa ruhusa ya daktari wake kinywa kinamkauka maradufu.

Kwenda kung'oa, ikibidi, ni asubuhi, ukiwa umekula na umemeza dawa zako kama ulivyoelekezwa, na neno la kwanza unalotamka baada ya salamu ni kisukari. Usingoje uulizwe. Mimi nilingoja.

Mwezi uliopita kliniki nilipomaliza kutobolewa kidole sikuinuka. Muuguzi, binti wa umri wa mwanangu wa mwisho, akaniambia, "Babu, umemaliza, mpishe mwenzio." Nikamwambia, "Mwanangu, kuna mahali hujapatazama," nikafungua kinywa. Watu kwenye benchi wakacheka. Yeye hakucheka. Alinitazama kidogo, akachukua simu yake, akawasha tochi, akamulika kulia na kushoto. Akaniuliza, "Hizi pengo nne zilitoka lini?" Nikamweleza. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu akasema na yeye anatema damu, mwaka wa pili sasa, ila alidhani ni kiseyeye. Mzee wa pembeni yake naye akaanza kujitikisa jino kwa kidole. Yule binti aliangalia kadi zetu, akatafuta mahali pa kuandika, hapakuwa na nafasi ya kinywa. Kulikuwa na uzito, presha, sukari, macho, miguu. Akazigeuza, akaandika nyuma kwa kalamu: fizi zinatoka damu, aonwe na daktari wa meno. Siku ile aliandika kadi saba.